Chumvi Kwenye Taa

"Usinigeuzie maneno, Theodory. Nimekuuliza ulimwambia nini mtoto."

"Nimeshakujibu, shemeji. Nilimwambia alale chini."

"Alale chini mpaka lini?"

Theodory alikuwa amesimama penye mlango wa zizi, fimbo mabegani, mikono yote miwili imening'inia juu yake kama mtu aliye malishoni na hana haraka. Fabiola alitamani kumpokonya ile fimbo amchape nayo. Nyuma ya kijana huyo ndama wanne walikuwa wakigongana na kulia njaa. Walikuwa wamerudi peke yao, midomo imejaa makapi ya ngano. Benedikta, binti yake wa miaka sita aliyetoka nao mchana, hakurudi nao.

"Mpaka injini inyamaze," Theodory alisema, akaishusha fimbo. "Akisikia pikipiki ya mlinzi, au trekta, au chochote chenye injini, alale kifudifudi ndani ya ngano, asiinuke mpaka kuwe kimya kabisa. Halafu mimi nikifika namwita kama tunavyoita ndama. Ndivyo watoto wote wa huku wanavyofundishwa, shemeji. Wewe hukukulia hapa. Kwenu Tumati hakuna shamba la serikali, huwajui walinzi wetu wanavyokamata mtoto na ndama wake."

"Ninaijua kombaini."

Wote wawili walitega sikio, wakaisikia. Ilikuwa mbali, ng'ambo ya korongo, ikinguruma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama mgonjwa anayeguna usingizini.

"Leo wanavuna," Fabiola alisema. "Umempeleka mtoto wangu kujificha kwenye ngano siku ya kuvuna."

"Asubuhi walikuwa kule upande wa ziwani. Mimi nilijua hapa watafika kesho kutwa."

"Ulijua. Nani alikuambia, mlinzi?"

Fabiola alikuwa na stashahada ya kilimo, na kazi yake ilikuwa kuwatembelea wakulima vijijini, lakini haikuhitaji stashahada kujua kombaini inavyovuna. Huanzia kingo za shamba na kuzunguka, mzunguko baada ya mzunguko, ikienda ndani. Ngano iliyosimama hubaki katikati kama kisiwa, na kisiwa kinapungua. Sungura, kwale, panya, kila kilichomo hukimbilia katikati, kwa sababu nje kumeshakatwa na ndani ndiko kwenye maficho. Wavunaji wanajua kwamba mzunguko wa mwisho ndio wenye nyama. Watoto wa walinzi husimama pembeni na marungu wakiungojea.

Na Benedikta alikuwa mtoto msikivu. Ukimwambia kaa hapa, utamkuta saa mbili baadaye yuko hapo hapo. Watu walimsifu kwa hilo. Jioni ile Fabiola alitamani angekuwa amezaa mtundu.

"Sasa basi," alisema. "Washa pikipiki."

Theodory alitazama chini. "Haina taa."

"Haina taa tangu lini?"

"Tangu jana. Nilipotoka Balangida na chumvi ya ng'ombe, giza liliponikuta njiani nikawasha, haikuwaka. Nilitaka kukuambia."

Pikipiki nyekundu ilikuwa ya idara, si ya Theodory wala ya ukoo. Jana yake Fabiola alikuwa Endasak kwenye mkutano wa kazi, amepata lifti ya gari, na pikipiki aliiacha nyumbani kwa imani. Mume wake Pascal alikuwa Babati kazini na asingerudi kabla ya mwisho wa mwezi. Angeweza kusema mengi. Aliyameza yote, kwa sababu jua lilikuwa limeshazama nyuma ya tambarare na wekundu uliobaki ulikuwa unageuka kijivu mbele ya macho yake.

"Nakimbia kwa miguu," Theodory alisema. "Nachukua kijinga cha moto, nakimbia."

"Uingie na moto kwenye ngano iliyokauka? Na mtoto yumo?"

Tochi ilikuwepo, lakini betri za tochi hazikuwa zimeonekana dukani tangu Pasaka. Kwa miguu, kuvuka korongo, mtu mwenye mbio angefika wakati kombaini imeshamaliza kazi yake. Na hata angewahi, dereva aliyekaa juu kule, vumbi limemzunguka, macho yake kwenye visu, asingemwona mtu mweusi asiye na mwanga. Angempitia. Lilihitajika jambo moja tu: taa.

"Mama," Fabiola aliita, "nileteeni kandili na kisu cha jikoni."

Mama mkwe wake, Bibi Kornelia, alitoka na kandili na kisu tayari mkononi. Alikuwa amesikia yote kupitia ukutani, na midomo yake ilikuwa inakwenda kimyakimya kwa sala.

Fabiola alipiga kiki. Injini ilishika mara ya pili. Aliibana swichi ya taa, akatazama mbele: giza. Akatazama nyuma: taa ya nyuma ilikuwa imechora duara jekundu kwenye ukuta wa nyumba. Akabonyeza honi, ikalia, ndama wakaruka.

"Umeme upo," alisema kwa sauti, ili akili yake isikie na iache kukimbilia kwenye ngano. "Injini inatoa, swichi inapitisha. Kasoro iko huku mbele."

Akajaribu mwanga wa mbali, akajaribu wa karibu. Vyote kimya. Balbu ile ilikuwa na nyuzi mbili ndani yake, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu, na nyuzi mbili haziungui siku moja. Hata hivyo alizima injini, akafungua skrubu ya fremu ya kioo kwa ncha ya kisu, akachomoa balbu na kuisogeza karibu na kandili. Bibi Kornelia aliipandisha kandili. Nyuzi zilikuwa nzima.

"Fungua kifuniko cha betri," alimwambia Theodory. "Upesi. Nipe kipande chochote cha waya."

"Waya upi?"

"Wowote."

Theodory alitazama huku na huku, kisha akaruka, akaivuta chini antena ya redio ya mama yake iliyokuwa imetandazwa toka paani hadi kwenye mti. Ilikuwa waya mrefu wa shaba, na ndiyo iliyokuwa ikiwaletea taarifa ya habari kila jioni. Bibi Kornelia aliiona ikishuka, akasogeza kandili karibu.

Fabiola alikata kipande, akagusisha balbu kwenye betri. Ikawaka, mwanga mdogo wa njano, ukamwonyesha uso wa Theodory ukiwa umelowa jasho.

"Balbu nzima. Basi ni njia. Umeme unakwenda, haurudi." Alirudisha balbu mahali pake, akaingiza kisu nyuma ya kikombe cha taa. Huko kulikuwa na waya mweusi unaofungwa kwenye chuma, ule ambao mafundi wanauita ethi, unaorudisha umeme kwenye mwili wa pikipiki. Alipougusa tu ukakatika. Haukukatika kama waya. Ulimomonyoka kama mkate uliolowa. Pale ulipokuwa umefungwa palikuwa na ukoko mweupe wenye kijani. Alipitisha kidole, akakiweka ulimini.

"Gunia ulilifunga wapi?"

"Hapo mbele," Theodory alisema taratibu. "Kwenye usukani. Nyuma palikuwa na magunia mawili tayari. Chumvi ilikuwa bichi, shemeji, tuliichota na maji yake."

"Ikachuruzika njia nzima ndani ya taa yangu."

"Sikujua chumvi inakula waya."

"Inakula jembe, itashindwa waya?"

Hakuwa na muda wa kumshughulikia. Alikwangua ule ukoko kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akazungusha waya wa antena mara kadhaa na kuubana kwa skrubu. Ncha ya pili aliipitisha chini ya tangi, akakwangua rangi kwenye fremu, lakini hapo hapakuwa na boliti ya kuufungia na spana zote zilikuwa ofisini. Aliubonyeza kwa kidole, akapiga kiki kwa mguu. Taa ya mbele ikawaka, ikapiga ukuta wa zizi, macho ya ndama yakang'aa yote. Akainua kidole, ikazimika.

"Panda nyuma yangu," alimwambia Theodory. "Nyoosha mkono mpaka hapa. Shika huu waya uubonyeze kwenye hiki chuma. Ukiuachia, tunaingia korongoni. Umenielewa?"

"Ni karibu na injini, shemeji. Patakuwa moto."

"Najua."

Bibi Kornelia alisogea kando na kandili yake. "Mungu awatangulie," alisema, na pikipiki ikatoka.

Njia ya kwenda mashambani haikuwa njia. Ilikuwa alama za matairi ya trekta zilizokauka tangu mvua za masika, mifereji miwili migumu, na katikati nyasi. Fabiola aliingia kwenye mmoja na kuufuata. Taa ilikuwa ya pikipiki ndogo, inakunywa umeme wa injini moja kwa moja: akivuta mafuta inang'aa, akipunguza inafifia mpaka inakuwa kama kaa la moto. Kwa hiyo pale palipokuwa pabaya, palipotakiwa kwenda polepole, ndipo alipoona kidogo zaidi. Ilimbidi achague kati ya kwenda haraka akiona na kwenda taratibu bila kuona. Alichagua haraka.

Nyuma yake Theodory alikuwa amemkumbatia kiuno kwa mkono mmoja, na mwingine umepita chini ya paja lake mpaka kwenye fremu. Siku nyingine ingekuwa aibu kubwa, shemeji kumshika shemeji hivyo. Jioni ile hakuna aliyeikumbuka aibu.

Upepo ulimletea harufu ya ngano iliyokatwa, tamu na kavu. Kila pikipiki iliporuka alijikuta anahesabu kimoyomoyo vitu asivyotaka kuvihesabu: upana wa visu vya kombaini, urefu wa mtoto aliyelala. Gauni la Benedikta lilikuwa rangi gani leo? La kahawia. Alimvisha mwenyewe asubuhi gauni la kahawia, rangi ile ile ya ngano iliyoiva, kwa sababu lile jekundu lilikuwa chafu.

Walipoanza kushuka kwenye korongo taa ikazimika.

Haikufifia, ilikatika. Fabiola alibana breki zote mbili, gurudumu la nyuma likateleza pembeni, pikipiki ikalala nusu juu ya mguu wake. Kila kitu kilikuwa cheusi. Alisikia mawe madogo yakitoka chini yao na kuanguka, na muda ukapita kabla hayajafika chini.

"Theodory."

"Nimeuachia. Umeniunguza, nimeuachia."

"Urudishe."

"Ninaupapasa."

"Usisogee. Papasa kwa vidole tu. Usisogeze mwili."

Injini ilikuwa bado inahema. Mwanga ukarudi kidogo, ukapotea, ukarudi, na Fabiola akaona kwamba gurudumu la mbele halikuwa juu ya kitu chochote. Nusu yake ilikuwa imening'inia hewani, na chini yake ukingo wa korongo, uliolika na maji, ulikuwa umekatwa wima. Njia ilikuwa kulia, hatua chache tu. Walikuwa wameipita gizani.

Walirudi nyuma kwa kukanyaga taratibu, mtu na shemeji yake, kama wanaomtoa ng'ombe kwenye matope. Theodory alivua shuka yake, akakunja pembe mara kadhaa na kuiweka kati ya kidole na waya. Fabiola aliisikia harufu ya pamba ikiungua, na chini yake harufu nyingine.

"Unaweza?"

"Nenda, shemeji."

Hakuuachia tena.

Walipopanda ng'ambo, tambarare ikafunguka. Kulikuwa na mabua yaliyokatwa mpaka mwisho wa macho, na katikati, mbali, mwanga wa jicho moja ukizunguka ndani ya wingu la vumbi. Kombaini ilikuwa na taa mbili, lakini moja ilikuwa kipofu. Upande wake wa kushoto ngano ilikuwa bado imesimama. Fabiola alitegemea kuona kisiwa kikubwa. Kilichobaki hakikuzidi kiwanja cha mpira.

Alikata moja kwa moja juu ya mabua. Alipiga honi, lakini honi ya pikipiki mbele ya mashine ile ilikuwa kama mbu. Alibadilisha taa mbali-karibu, mbali-karibu. Kombaini iliendelea kuja, pangaboi lake pana likizunguka na kuyainamisha masuke kuelekea visuni, na lile jicho moja lilimwangaza usoni mpaka asione kitu.

Alisimamisha pikipiki mbele yake, kwa ubavu, ili taa ya nyuma nayo ionekane. Akavuta mafuta mpaka injini ikalia, taa ikawa nyeupe.

"Shemeji," Theodory alisema sikioni kwake. "Haituoni."

"Shika waya."

"Shemeji."

"Shika waya, Theodory."

Pangaboi likafika mahali ambapo aliweza kuyaona mabua yaliyonasa kwenye meno yake. Ndipo likapunguza, likayumba, likasimama. Mashine nzima ikakaa ikitetemeka mbele yao kama mnyama aliyezuiwa kwa kamba.

Mlango ukafunguka juu. Dereva aliyeteremka ngazi alikuwa mtu mzima, kitambaa kimefungwa puani, nyusi zimejaa vumbi. Fabiola alimfahamu kwa sura. Aliitwa Sulle, na alikuwa na sifa ya kutoacha suke hata moja nyuma.

"Unatafuta kufa, mama?"

"Mtoto wangu yumo ndani ya ngano."

"Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo. Mtoto wangu yumo ndani ya ngano hii."

Sulle alivuta kitambaa chini. Alimtazama yeye, akamtazama Theodory na fimbo aliyoifunga mgongoni, na Fabiola akaliona wazo likipita usoni mwake: wafugaji hawa. Mwezi uliopita vijana walikuwa wamelaza magogo mbele ya mashine ili ng'ombe wapate muda wa kutoka.

"Nimezunguka hapa tangu mchana," alisema. "Sijaona mtoto. Nimeona ndama wanakimbia, mtoto sijaona."

"Hungemwona. Amefundishwa usimwone."

"Na umande unaanza kushuka. Ikilowa, siwezi kukata tena."

"Mzee," Theodory alisema. "Ni mimi niliyemfundisha. Yumo."

Sulle alifuta uso kwa kiganja, na chini ya vumbi uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa mtu mwenye wajukuu. Aligeuka akatazama visu vyake, akavitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tumulike," alisema. "Nitainua kichwa cha mashine na kuigeuza, taa iingie ndani. Nyinyi ingieni kutoka huku na hiyo pikipiki yenu. Mwiteni."

Ndivyo walivyofanya. Sulle aliyainua meno juu, akaigeuza mashine, mwanga ukalala juu ya masuke. Fabiola aliingia na pikipiki ndani ya ngano, gia ya kwanza, Theodory akitembea pembeni amejipinda, waya mkononi, na wote wawili wakiita. "Bene! Benedikta! Ni mama!" Injini ilikuwa inalia, kombaini inanguruma, na sauti zao zilipotea kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Ndipo Fabiola alipoiona ngano ikisogea.

Ilikuwa mbele yao, mbali kidogo. Masuke yalitikisika, yakatulia. Yakatikisika tena mbele zaidi. Hapakuwa na upepo. Kitu kilikuwa kinatambaa chini yake, na kila alipoielekeza taa pale, kilikwenda upande wa pili, mbali na mwanga, kuelekea ukingoni ambako, baada ya ukanda mwembamba wa mabua, korongo lilipinda.

"Ni yeye," Theodory alisema.

"Au fisi," alisema Sulle, aliyekuwa amewafuata kwa miguu.

Fabiola alisimama. Ngano ikasimama. Akasogea kidogo, na mstari ule mwembamba ukasogea tena, haraka zaidi sasa, kwa woga. Ulikuwa ni woga, aliuona wazi kana kwamba anauona uso. Fisi asingekimbia hivyo. Hivyo hukimbia aliyeambiwa kwamba chenye injini na chenye mwanga kinakuja kumkamata. Na ni yeye, mama yake, aliyekuwa anamfukuza mtoto wake kwa taa, hatua kwa hatua, kuelekea ukingoni.

"Zima mashine," alimwambia Sulle.

"Kombaini?"

"Zima."

"Siwezi, mama. Betri yake imekufa. Asubuhi huwa tunaiwasha kwa betri ya trekta. Nikiizima hapa, italala hapa, na mimi nilale nayo niilinde, na kesho nisimame ofisini nijieleze. Subiri, nipunguze moto tu."

"Hatatoka mpaka kuwe kimya. Alimwambia mpaka kuwe kimya kabisa." Hakumtazama Theodory aliposema. "Kila tunavyomulika anatukimbia. Ukingo ule pale."

"Na ukizima hiyo ya kwako, utaona nini? Utamtafutaje mtoto gizani?"

Lilikuwa swali la haki. Alikuwa amekwangua chumvi, amekata antena ya mama mkwe, amemwunguza shemeji yake vidole ili kuipata taa ile, na sasa kitu alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa kukaa bila taa, asione ngano inasogea upande gani. Mstari mwembamba ulitikisika tena, mara moja, karibu na mwisho.

Alimwachia Theodory pikipiki aishike, akakimbia juu ya mabua, akapanda ngazi ya kombaini kabla Sulle hajageuka. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya dizeli. Alikuwa amejifunza matrekta chuoni; kitasa cha kuzimia hakikuwa kigeni kwake. Alikivuta kwa mikono miwili. Mashine ilikohoa, ikatikisika mpaka kwenye meno yake, ikafa. Jicho lake moja lilififia pamoja nayo, likawa jekundu, likafumba.

"Mama we," Sulle alisema chini.

Akarudi mbio kwenye pikipiki. Theodory alikuwa bado amebonyeza waya, taa ikiangaza mahali pasipo na kitu.

"Achia," Fabiola alimwambia.

"Tutakuwa gizani, shemeji."

"Achia, Theodory. Sasa mwite. Mwite kama mnavyoita ndama."

Akageuza ufunguo.

Giza lilikuja lote kwa mara moja, na kimya kikaja nyuma yake, kizito, mpaka Fabiola akasikia damu masikioni mwake na chuma cha kombaini kikipoa, tik, tik. Hakuona mkono wake. Theodory aliita kwa sauti ya chini, ya kooni, mwito ule wa jioni wa kuwarudisha ndama kwa mama zao, ukarefuka juu ya ngano na kufia mbali.

Hakuna kilichojibu. Aliita mara nyingine. Fabiola alikuwa ameuma kidole chake mwenyewe ili asipige kelele.

Masuke yakachakarika. Yalichakarika karibu, si mbali, halafu karibu zaidi, na sauti ndogo, kavu kwa kiu, ikatoka gizani usawa wa kiuno chake.

"Baba mdogo? Wameondoka?"

Fabiola alipiga magoti juu ya mabua makali, akanyoosha mikono yote miwili mbele mpaka ikagusa nywele zilizojaa makapi.

"Wameondoka," alisema. "Inuka."